Timu ya West Point ilishindaje mechi 12 mwaka 2024, na doa lilitoka wapi?

Swali la msomaji wetu wa Morogoro: "Shikamoo, mwalimu. Mdogo wangu anaishi Marekani na siku hizi amekuwa mpenzi mkubwa wa futiboli ya Kimarekani. Ananisimulia kwamba timu ya chuo cha kijeshi cha West Point ilishinda mechi 12 katika msimu wa 2024 na kutwaa ubingwa wa ligi yake, kisha kila mara humalizia kwa kusema kuwa msimu ule ulikuwa na doa lisilofutika. Mimi nilidhani ni timu kama JKT Tanzania ya kwetu au Ulinzi Stars ya Kenya, yaani wachezaji wanaotumikia jeshi huku wakicheza, lakini amenisahihisha kuwa wale ni wanafunzi na wala hawalipwi kwa kucheza. Naomba unieleweshe: timu ya namna hiyo ilishindaje, na kama ilishinda, doa lilitoka wapi?"

Marahaba. Mdogo wako amekueleza sawasawa, na nikiyatazama vizuri maswali yako mawili naona kuwa jibu lake ni moja. West Point, ambayo kwa jina la uwanjani huitwa Army, ilishinda kwa sababu ilicheza mchezo ambao timu nyingine hazijauzoea. Ikaja kuumizwa na timu moja inayoufahamu mchezo huo kama mtu anavyoifahamu njia ya kwenda kwao, na kwa bahati mbaya timu hiyo ndiyo hasa ambayo Army hawaruhusiwi kufungwa nayo. Lakini ili jibu hilo likuingie, inabidi kwanza tuone ni vijana wa aina gani waliokuwa uwanjani.

West Point ni chuo kilichoanzishwa mwaka 1802, kipo kando ya mto Hudson, kiasi cha kilomita 80 kaskazini ya jiji la New York, na kina maafisa wanafunzi wapatao 4,400. Fikiria Monduli yetu, ila kijana anaingia akitoka sekondari, anasoma uhandisi au historia kwa miaka minne, na siku ya kuhitimu anapata shahada pamoja na kamisheni ya luteni usu. Halipi ada, ila baada ya hapo anadaiwa na jeshi miaka 5 ya utumishi kamili na mingine 3 ya akiba. Mchezaji wa futiboli hana msamaha katika hayo. Anaamka na kupanga foleni asubuhi kama wenzake, anakaguliwa chumba, anakwenda darasani, na mazoezi ya mpira yanamkuta alasiri akiwa tayari amechoka.

Sasa linganisha na vyuo vinavyoshindana naye. Tangu Julai 2021 wanafunzi wanamichezo wa Marekani wanaruhusiwa kupata fedha kwa kuuza jina na sura zao katika matangazo, na wachezaji mahiri wa vyuo vikubwa leo hupokea fedha ambazo mzazi wao hajawahi kuziona. Pia wanaweza kuhama chuo bila kupoteza msimu, hivyo kila msimu unapokwisha pana soko la wachezaji linalofanana kabisa na dirisha la usajili unalolijua wewe kutoka Ligi Kuu. Afisa mwanafunzi wa West Point hawezi kuuza jina lake, kwa kuwa yumo katika utumishi wa serikali, na anapata posho ileile anayopata mwenzake asiyejua hata kushika mpira. Tena kuna suala la miili. Katika vyuo vikubwa mchezaji wa safu ya mbele mwenye kilo 145 ni wa kawaida, ilhali West Point inajua kuwa kijana huyo lazima siku moja apite kipimo cha uzito cha jeshi, ndiyo maana wale wa mwaka wa mwisho huanza kujikondesha mara tu msimu unapokwisha.

Haikuwa hivi zamani, na hapa naomba nichepuke kidogo. Mwaka 1944 na 1945, dunia ikiwa vitani, vyuo vya kiraia vilibaki na vijana wachache huku West Point ikiwapata walio bora nchini, na chini ya kocha Earl Blaik timu hiyo haikupoteza mechi hata moja kuanzia 1944 hadi 1946. Doc Blanchard na Glenn Davis, waliocheza pamoja katika timu hiyo, walitwaa tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa vyuo mwaka 1945 na 1946. Vita vilipokwisha, na ligi za kulipwa zilipoanza kutajirisha watu, deni la miaka ya jeshi likageuka kuwa kikwazo. Mwaka 2003 Army ilicheza mechi 13 na kupoteza zote 13. Aliyekuja kuibadili ni kocha Jeff Monken, ambaye alianza kazi mwaka 2014, na miaka miwili baadaye akakomesha aibu ya kufungwa na Navy, chuo cha wanamaji, mara 14 mfululizo.

Monken hakuwa na miujiza. Alikuwa na namna ya kucheza, nayo inaeleweka kirahisi ukishajua sheria tatu tu. Kwanza, timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, na ikizipata hupewa manne mengine, hadi ifike mwisho wa uwanja na kufunga tachidauni, yenye alama 6 pamoja na teke la alama 1 la nyongeza. Ikikwama karibu na milingoti inaweza kupiga teke la alama 3. Pili, mechi ina robo nne za dakika 15, na saa husimama pale pasi iliyorushwa inapoanguka chini bila kudakwa, lakini huendelea kutembea pale mtu aliyebeba mpira anapoangushwa ndani ya uwanja. Tatu, kati ya jaribio na jaribio timu ina sekunde 40 za kujipanga, na hakuna anayeilazimisha kuanza mapema.

Ziweke sheria hizo pamoja uone. Timu inayorusha pasi kila mara husimamisha saa, na mechi inakuwa na zamu nyingi za kushambulia kwa pande zote mbili, labda 12 kila upande. Timu inayokimbia na mpira, yadi 4 hapa, yadi 3 pale, ikisubiri kila mara mpaka zile sekunde 40 zikaribie kwisha, hula muda kama mchwa walavyo boriti. Mpinzani wake anaweza kupata zamu 8 tu, au 7, na katika zamu hizo akidondosha mpira mara moja au akikosea mara mbili, hana tena muda wa kusahihisha. Kwa timu yenye vipaji pungufu hilo ni jambo kubwa mno. Ukicheza bao na bingwa mara mia utashindwa karibu zote, lakini ukimwomba mcheze mara moja tu, una nafasi. Mwaka 2023 wakuu wa mchezo waliongeza kitu kilichowafaa zaidi: saa iliyokuwa ikisimama kila timu inapozipata zile yadi 10 haisimami tena, isipokuwa katika dakika 2 za mwisho za kila kipindi.

Kukimbia huko hakufanywi hivihivi. Msingi wake ni mpango unaoweza kuuita chaguo tatu. Kwotabeki, yaani yule anayeongoza mashambulizi, hupokea mpira na kuuweka tumboni mwa mkimbiaji wa kati anayepita mbele yake, ila hauachii bado. Jicho lake linamtazama mlinzi mmoja wa upande wa pili ambaye ameachwa makusudi bila kuzuiwa na mtu. Mlinzi huyo akimrukia mkimbiaji, kwotabeki anauchomoa mpira na kukimbia nao mwenyewe. Akibaki nje kumsubiri kwotabeki, mpira unaachiwa tumboni. Na kwotabeki akishatoka nje akakuta mlinzi wa pili anamjia, humrushia mpira kwa pembeni mkimbiaji wa tatu anayemfuata hatua chache nyuma. Yote hayo yanaamuliwa ndani ya sekunde moja au mbili. Uzuri wake ni kwamba walinzi wawili wameshindwa bila mtu kuwagusa, hivyo wale vijana wepesi wa safu ya mbele wanapata watu wawili wa ziada wa kuwasaidia wenzao kuwazuia walinzi waliosalia. Ugumu kwa mpinzani ni kwamba ana siku tano tu za kujifunza kuuzuia mchezo ambao hauoni mahali pengine mwaka mzima.

Ilibaki kidogo mpango huo ufe. Mwaka 2022 sheria ilibadilishwa, ikakatazwa kumzuia mpinzani chini ya kiuno nje ya eneo dogo la katikati, na kwa wachezaji wadogo kiunoni na magotini ndipo pa kumwangushia jitu. Mwaka 2023 Monken akaamua kujaribu usasa: kwotabeki akasimama yadi kadhaa nyuma, pasi zikaongezwa, na mratibu mpya wa mashambulizi akaletwa. Waliambulia ushindi 6 na vipigo 6, ingawa waliwafunga Air Force, chuo cha wanaanga, na Navy wote wawili. Kwa msimu wa 2024 Monken alimpa kazi ya uratibu Cody Worley, mtu wa ndani, na timu ikarudi kwenye mchezo wa kwao, ikiuchanganya na vitu vichache vya kisasa. Mimi nauona uamuzi huo, wa kocha kukiri kuwa alikosea njia na kurudi nyuma hadharani, kuwa ndio uliouzaa msimu kuliko kipaji cha mchezaji yeyote.

Mchezaji mwenyewe, hata hivyo, alikuwapo. Bryson Daily wa Abernathy, Texas, alikuwa nahodha na kwotabeki wa mwaka wa nne mwenye karibu kilo 100, mtu ambaye badala ya kumkwepa mlinzi alipendelea kumpitia. Msimu ule alifunga tachidauni 32 kwa kukimbia na kupata zaidi ya yadi 1,600 kwa miguu, na katika kura za tuzo ya Heisman akashika nafasi ya 6, jambo lisilotarajiwa kabisa kwa kijana wa chuo cha kijeshi siku hizi. Pembeni yake alikuwa Kanye Udoh, mkimbiaji wa mwaka wa pili. Mbele yao ilikuwapo safu ya watu watano ambayo mwisho wa msimu ilipewa tuzo ya Joe Moore, inayotolewa kwa safu bora ya mbele katika vyuo vyote vya nchi. Hakuna chuo cha kijeshi kilichowahi kuipata kabla yao, na katika tuzo zote za msimu ule hiyo ndiyo inayonigusa, kwa sababu safu ya mbele ndipo hasa palipotarajiwa wapungukiwe.

Msimu wenyewe ulikuwa wa kwanza kwa Army katika ligi ya American Athletic Conference, baada ya karibu miaka 20 ya kucheza bila ligi. Walianza kwa kuwafunga Lehigh 42 kwa 7, kisha Florida Atlantic, Rice, Temple, Tulsa na UAB, zote kwa tofauti ya alama 17 au zaidi, na East Carolina 45 kwa 28. Tarehe 2 Novemba wakawafunga Air Force 20 kwa 3 bila Daily, ambaye hakucheza siku hiyo, nafasi yake ikichukuliwa na Dewayne Coleman. Kama kungekuwa na mechi ya kuuthibitishia umma kuwa si timu ya mtu mmoja, ilikuwa hiyo.

Lakini ukitaka kuuona msimu mzima ndani ya chungu kimoja, tazama mechi ya wiki iliyofuata, tarehe 9 Novemba, kule Texas dhidi ya North Texas. Hawa North Texas walikuwa miongoni mwa timu zinazofunga kwa kasi kubwa nchini, watu wa pasi na mbio, ambao mtu wa kawaida angesema Army wangeweza kuwazuia kwa ulinzi mkali tu. Army waliwazuia kwa kuwanyima mpira. Katika kipindi cha pili walianza zamu yao wakiwa yadi 6 tu kutoka mstari wao wenyewe, mahali ambapo timu nyingi hutetemeka, wakaanza kusogea. Yadi 3. Yadi 5. Jaribio la nne, wanalichezea hilohilo badala ya kuupiga mpira mbele na kumwachia mpinzani mbali, wanapata. Daily anaingia katikati, anainuka, anatazama saa, anasubiri. Zamu hiyo ilikuwa na majaribio 21, ikasogea yadi 94, na ilichukua dakika 13 na sekunde 54, yaani karibu robo nzima ya mechi, huku vijana wa mashambulizi wa North Texas wamekaa benchi wakitazama kama abiria waliokosa basi. Ilipoisha kwa tachidauni, ubao ulisomeka 14 kwa 3, na ndivyo mechi ilivyomalizika. Daily, aliyekuwa amerudi tu siku hiyo, alikimbia na mpira mara 36.

Ushindi huo uliifanya Army iwe imeshinda mechi 9 bila kufungwa, na ukihesabu nne za mwisho za mwaka uliotangulia, ni 13 mfululizo. Ndipo walipokutana na Notre Dame tarehe 23 Novemba katika uwanja wa Yankee Stadium, New York, wakachapwa 49 kwa 14. Sitakaa sana hapo. Notre Dame ile ilikwenda hadi fainali ya ubingwa wa taifa, na ilikuwa na wakimbiaji wanaoweza kufunga kwa mbio moja kile ambacho Army inahitaji majaribio 15 kukipata. Huo ndio upande wa pili wa kula muda: ukitangulia, saa ni rafiki yako, lakini ukiwa nyuma kwa tachidauni mbili, saa uliyoifuga inageuka na kukuuma, kwa kuwa huna namna ya kufunga upesi. Hakuna aliyewalaumu. Kufungwa na aliyekuzidi kila kitu hakuachi doa.

Wiki moja baadaye waliponea chupuchupu mbele ya UTSA, 29 kwa 24, na hivyo wakamaliza mechi za ligi wakiwa wameshinda zote 8. Fainali ilichezwa tarehe 6 Desemba nyumbani kwao, katika uwanja wa Michie uliofunguliwa mwaka 1924, dhidi ya Tulane. Army walishinda 35 kwa 14, Daily akafunga tachidauni 4. Timu hii ilianza kucheza mwaka 1890, na katika miaka yote 134 haikuwa imewahi kutwaa ubingwa wa ligi yoyote, kwa sehemu kwa sababu muda mwingi haikuwamo katika ligi, na ilipokuwamo, kati ya 1998 na 2004, ilikuwa ikifungwa na kila apitaye.

Sasa tuje kwenye doa. Navy nao wamo katika ligi hiyohiyo tangu 2015, lakini vyuo hivi viwili vilikubaliana kwamba mechi yao isihesabiwe katika msimamo wa ligi, ibaki ilipo, Jumamosi ya pili ya Desemba, peke yake, wakati ligi zote zimeshamaliza fainali zao. Kwa hiyo bingwa wa ligi anatawazwa kabla ya mechi hiyo, na mechi haina alama za kugombea. Ukiitazama kwa jicho la msimamo utasema ni ya kirafiki. Ukiwauliza wao, watakuambia kuwa mechi nyingine zote ndizo za kirafiki. Imechezwa tangu 1890, na ile ya tarehe 14 Desemba 2024, kule Landover, Maryland, ilikuwa ya 125.

Kwa hesabu za karatasi, Army walistahili kushinda. Mwezi mmoja kabla, Tulane walikuwa wamewafunga Navy 35 kwa 0, na Tulane haohao wamefungwa na Army 35 kwa 14. Mtu yeyote anayejua kujumlisha angeweka fedha zake kwa Army. Wengi waliweka. Na hapa ndipo jibu langu la mwanzo linaporudi. Tulane waliojiandaa kwa siku chache dhidi ya chaguo tatu walikuwa wageni wa mchezo huo. Navy si wageni. Wameucheza wenyewe kwa miaka mingi, na kila siku mazoezini walinzi wao wanakutana na mashambulizi yanayofanana na ya jamaa zao wa West Point. Yule mlinzi anayeachwa bila kuzuiwa, ambaye kwa timu nyingine hubabaika kati ya kumrukia mkimbiaji na kumsubiri kwotabeki, kwa Navy amefundishwa tangu mwaka wake wa kwanza asimame wapi na atazame nini. Tena Navy walikuwa na wiki mbili za kujiandaa, kwa kuwa mechi yao iliyotangulia ilikuwa mwishoni mwa Novemba, ilhali Army walikuwa na siku nane tu tangu fainali.

Matokeo yalikuwa 31 kwa 13. Daily, aliyekuwa amewapitia watu msimu mzima, alibanwa katikati, na alipolazimika kurusha, Navy wakadaka pasi zake mara tatu. Upande wa pili kwotabeki Blake Horvath alifunga tachidauni mbili kwa miguu na kurusha pasi za nyingine mbili, kwa maana mashambulizi ya Navy mwaka ule yalikuwa yamechanganya mbio za asili na pasi kwa kiwango ambacho Army hawakukifikia. Na kuna jaribio moja ambalo mashabiki wa West Point hawapendi kuoneshwa tena. Navy, wakiwa mbele lakini bado wanafikika, walifika jaribio la nne na kujipanga kama watu wanaotaka kuupiga mpira mbele na kuuacha. Badala yake mpira ukapelekwa kwa Landon Robinson, ambaye kazi yake ni kuziba katikati ya ulinzi, jitu la safu ya mbele ambalo halijazoeleka kubeba mpira kabisa. Akakimbia nao yadi 29. Army, mabwana wa kumlaghai mlinzi kwa macho, walilaghaiwa kwa macho.

Kabla sijamaliza na siku hiyo, nikurudishe kwenye suala la wachezaji wasiolipwa, kwa kuwa mwisho wa msimu ulilijibu kwa namna mbili zinazopingana. Army walialikwa kwenye mechi ya Independence Bowl kule Shreveport, Louisiana, wacheze na Marshall, bingwa wa ligi nyingine. Kocha wa Marshall akahamia chuo kingine, wachezaji wake wengi wakaingia sokoni kutafuta vyuo vipya, na siku ileile ya mechi ya Army na Navy ikatangazwa kuwa Marshall wamejitoa, kwa kuwa watu wa kucheza hawatoshi. Wakaletwa Louisiana Tech, timu iliyokuwa imeshinda mechi 5 na kupoteza 7. Army, ambao vijana wao hawana pa kwenda, walifika Shreveport wakiwa karibu kamili, wakashinda 27 kwa 6 na kufikisha ushindi wa 12, ambao chuo hakikuwahi kuufikia katika msimu mmoja, na katika orodha ya mwisho ya waandishi wakawekwa nafasi ya 21 nchini. Hivyo ule umaskini wao wa soko uligeuka kuwa ngao. Lakini si ngao kamili. Sheria ya chuo inasema afisa mwanafunzi anaweza kuondoka bila deni la utumishi kabla ya kuanza mwaka wa tatu, na Udoh, yule mkimbiaji wa mwaka wa pili, aliondoka Desemba hiyohiyo kwenda Arizona State. Naye simlaumu. Alitumia mlango ambao chuo chenyewe kimeuacha wazi, na kocha yeyote wa West Point anajua kuwa kila msimu unapokwisha lazima autazame mlango huo.

Mdogo wako anaposema doa, basi, hazungumzii zile alama 18. Anazungumzia kinachofuata baada ya filimbi ya mwisho ya mechi ya Army na Navy, na kama hajakuonesha, mwombe akuoneshe. Wachezaji wa timu zote mbili, wengine bado wanachuruzika jasho na wengine machozi, hutembea pamoja hadi mbele ya jukwaa la wanafunzi wa chuo kilichoshindwa. Wanasimama wima, na wimbo wa chuo hicho unaimbwa. Kisha wote wanavuka uwanja hadi kwa wanafunzi wa chuo kilichoshinda, na wimbo wao unaimbwa wa pili. Kuimba wa pili ndiko kunakotajwa vyuoni humo kama lengo la mwaka mzima. Mwaka 2022 Army waliimba wa pili baada ya kushinda 20 kwa 17 katika muda wa nyongeza, na mwaka 2023 wakaimba wa pili tena kwa 17 kwa 11. Jioni ile ya Landover, mabingwa wa ligi waliokuwa na ushindi 11 waliimba kwanza, kisha wakavuka uwanja pamoja na Navy, wakasimama kimya mpaka wimbo wa wenzao ukaisha. Hesabu ya mechi zote 125 ikawa ushindi 63 kwa Navy, 55 kwa Army na sare 7. Daily na wenzake wa mwaka wa nne walikuwa wamebakiwa na mechi moja kabla ya kuvua jezi, ile ya Shreveport, na haikuwa dhidi ya Navy.